Mlango wa Chupa: Habari za Kulisha Seli Nje ya Mwili

Mama akishachemsha maziwa jioni na kuyafunika vizuri chunguni, asubuhi huyakuta hayajaharibika. Lakini watoto wakiamka usiku, kila mmoja akafunua kifuniko na kuchota kikombe chake, asubuhi maziwa huwa yamekwisha kuchacha. Maziwa ni yale yale, moto ni ule ule, na chungu ni kile kile. Kilichozidi ni kufunuliwa tu. Kila kifuniko kilipoinuliwa, mlango ulifunguliwa, na kwa mlango huo wakaingia wageni wasioonekana kwa macho.

Jambo hili dogo la jikoni limewasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka mia moja, tangu walipoanza kujaribu kuweka hai, nje ya mwili, vipande vya viungo vya wanyama na wanadamu. Kilicho hai hakina budi kulishwa. Ili kilishwe, chupa yake haina budi kufunguliwa. Chupa ikifunguliwa, vijidudu huingia. Basi afanyeje mtu ili chakula kiingie na vijidudu visiingie? Watu wengi wanapoihadithia elimu hii husifu darubini na dawa. Mimi nataka kusimulia habari za chupa, mrija na kizibo, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo kazi ilipofanikiwa au ilipoharibika.

Kwanza yafaa tuelewe shida yenyewe. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli, kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Lakini tofali halili wala halipumui, hali seli hula, hupumua na hutoa taka. Ndani ya mwili, kazi ya kuzihudumia hufanywa na damu. Moyo huisukuma ikapita katika mishipa inayozidi kuwa myembamba, mpaka wembamba wake ukashindwa kuonekana kwa macho. Na humo hupeleka chakula na oksijeni na kuchukua taka. Seli ikitengwa na damu hupatwa na maafa mawili: njaa, na sumu ya taka zake yenyewe. Kwa hiyo anayetaka kuilea katika chupa lazima aipe maji ya chakula badala ya damu, yenye chumvi, sukari na vitu vingine kwa kipimo. Tena kama ni seli ya mwanadamu, aiweke katika joto la nyuzi 37 hivi.

Afa la tatu ndilo baya zaidi. Maji yanayoifaa seli huwafaa bakteria pia, na wao hula kwa pupa kuliko seli. Seli ya mwanadamu inayolelewa katika chupa huchukua karibu siku nzima kujigawa na kuwa mbili. Bakteria wa aina ya wale wakaao matumboni, wakipata chakula na joto, huweza kujigawa kila dakika 20. Chukua kalamu, msomaji, upige hesabu. Bakteria mmoja akiingia saa mbili asubuhi, saa tatu watakuwa 8, na saa nne watakuwa 64. Wakiendelea hivyo bila kizuizi, saa kumi na mbili jioni watapita milioni 1,000, na seli yetu huenda haijajigawa hata mara moja. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi hii ufa usipozibwa asubuhi, jioni hakuna cha kujengea ukuta.

Aliyewafundisha watu kuziba ufa huo ni Louis Pasteur wa Ufaransa. Kati ya mwaka wa 1859 na 1862 alifanya majaribio kwa chupa za kioo zenye shingo ndefu nyembamba, iliyopindwa kwenda chini kisha juu. Alitia mchuzi ndani akauchemsha, kisha akaiacha chupa bila kizibo chochote. Hewa iliweza kuingia na kutoka, lakini vumbi lenye vijidudu lilikwama katika pindo la shingo. Mchuzi ulikaa bila kuoza. Alipoivunja shingo, au alipoiinamisha chupa mpaka mchuzi ukagusa vumbi lile, mchuzi ulioza baada ya muda mfupi. Wengi hukumbuka jaribio hilo kwa kuwa lilionyesha ya kuwa vijidudu havizuki vyenyewe katika mchuzi. Sisi tukumbuke na funzo jingine: mlango waweza kuwa wazi kwa kitu kimoja na kufungwa kwa kingine. Hewa ilipita, vumbi halikupita.

Msaidizi wa Pasteur, Charles Chamberland, aliongeza silaha mbili. Mwaka wa 1879 alitengeneza sufuria nzito yenye kifuniko cha kukaza, ambamo mvuke hubanwa mpaka joto likapita lile la maji yachemkayo. Siku hizi vyombo vya maabara hutiwa katika sufuria ya namna hiyo kwa nyuzi 121. Mwaka wa 1884 akatengeneza chujio la kaure lenye matundu madogo mno, likapitisha maji na kuwazuia bakteria. Chujio hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa vyakula vingine vya seli havivumilii moto. Maji ya damu yakichemshwa huganda kama yai. Kisichoweza kuchemshwa, basi, kingeweza kuchujwa.

Wakati huo huo, huko London, daktari Sydney Ringer alikuwa akichunguza ni maji gani yatakayoufanya moyo wa chura uendelee kupiga nje ya mwili. Alidhani chumvi ya kawaida katika maji safi yatosha, kwa maana mioyo yake ilipiga vizuri. Kumbe msaidizi wake alikuwa akitumia maji ya bomba badala ya maji yaliyokenekwa. Yalipotumika maji yaliyokenekwa, moyo ulidhoofika. Ringer hakuficha kosa hilo. Alilichapisha mwaka wa 1883, akaeleza ya kuwa maji ya bomba yalikuwa na kalsiamu, na ya kuwa moyo hauwezi kupiga bila hiyo. Hadi leo maji ya chumvi ya Ringer hutumika katika maabara na hospitali. Kwa hiyo, miaka mingi kabla ya chupa za leo, ilikwisha kujulikana ya kuwa kinachopita katika mrija bila kuchunguzwa chaweza kumdanganya mtaalamu hodari.

Mwaka wa 1907, Ross Harrison wa Marekani alitaka kujua kama uzi wa neva huota kutoka katika seli ya neva yenyewe. Alichukua kipande kidogo sana cha kiluwiluwi mchanga wa chura, akakitia katika tone la limfu ya chura juu ya kipande chembamba cha kioo. Akakigeuza kioo hicho, tone likaning'inia juu ya kishimo kilichochimbwa katika kioo kingine, naye akaziba kingo zote kwa nta. Kwa darubini aliziona nyuzi zikiota mbele ya macho yake. Lakini tazama jinsi alivyojibu swali letu. Harrison alifunga mlango kabisa. Vijidudu havikuingia, na chakula hakikuingia pia. Tone lilitosha kwa siku au wiki chache, kisha njaa na taka vikashinda. Lilikuwa jibu zuri kwa swali la siku chache. Kwa swali la miezi halikufaa.

Alexis Carrel, daktari Mfaransa aliyefanya kazi katika taasisi ya Rockefeller mjini New York, alichagua njia nyingine: mlango ufunguliwe, lakini kwa sheria kali. Yeye alikuwa bingwa wa kushona mishipa ya damu, na kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1912. Katika maabara yake wasaidizi walivaa majoho meusi na kofia za kufunika kichwa, na kila chombo kilitakaswa kama cha kupasulia mgonjwa. Tarehe 17 Januari 1912 alianza kulea kipande cha moyo wa kifaranga ambaye hajaanguliwa. Kila baada ya muda seli zilioshwa, zikagawanywa, zikapewa chakula kipya kilichochanganywa na maji yaliyokamuliwa kutoka katika vifaranga wasioanguliwa. Carrel alikufa mwaka wa 1944, na seli zile zikaendelea kulishwa mpaka mwaka wa 1946. Magazeti yaliandika kwamba moyo ule hautakufa milele.

Watu waliamini hivyo kwa miaka mingi. Ndipo mwaka wa 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Philadelphia walipoeleza kwamba seli za kawaida za mwanadamu hujigawa mara 50 hivi, kisha hukoma. Wengine nao walishindwa kuzifanya seli za kuku ziishi kwa miaka mingi kama zile za Carrel. Ikawaje, basi, zake zikaishi miaka 34? Wataalamu wengi waliona yaelekea kwamba yale maji yaliyokamuliwa kutoka katika vifaranga yalikuwa na seli hai ndani yake. Ikiwa ndivyo, kila walipoulisha moyo waliupanda upya bila kujua. Zile sheria kali za kuzuia bakteria hazikuzuia kitu hicho, kwa sababu kiliingia pamoja na chakula, kwa mlango ule ule uliolindwa.

Sasa tufike kwa mtu ambaye wengi wamjua kwa sababu nyingine. Mwezi wa Mei mwaka wa 1927, Charles Lindbergh aliruka peke yake kwa ndege kutoka New York hadi Paris kwa muda wa saa 33 na nusu. Baadaye shemeji yake alipatwa na ugonjwa wa moyo, naye Lindbergh akauliza kwa nini moyo haupasuliwi ukatengenezwa kama injini. Akajibiwa kwamba moyo hauwezi kusimamishwa, kwa maana mwili ungekosa damu. Fundi wa mitambo hatosheki na jibu kama hilo. Mwaka wa 1930 alijulishwa kwa Carrel, akaonyeshwa vyombo vilivyoshindwa. Shida ilikuwa ile ile: kila pampu iliyojaribiwa iliingiza vijidudu mahali fulani, katika kiungo au katika mpira.

Lindbergh alifanya kazi miaka kadhaa. Chombo alichokipata kilikuwa cha kioo kitupu, chenye vyumba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kiungo cha mnyama kililazwa katika chumba cha juu, na mshipa wake ukafungwa kwenye mrija mwembamba wa kioo. Maji ya chakula yalikaa chini. Hewa iliyosukumwa kwa mapigo kama ya moyo iliyapandisha maji hayo yakapita ndani ya kiungo, kisha yakateremka yenyewe kurudi chini, yakaanza safari tena. Uzuri wake ulikuwa huu: mtambo wa kusukuma ulikaa nje. Hakuna chuma kilichozunguka ndani ya maji, wala mkono ulioyagusa. Kilichovuka mpaka ni hewa tu, nayo ilipita kwanza katika pamba iliyonasa vijidudu. Ilikuwa kana kwamba shingo ya chupa ya Pasteur imefunzwa kupiga kama moyo. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1935 tezi ya shingo ya paka iliwekwa ndani ya chombo hicho, ikakaa hai siku 18 bila kuoza. Habari zake zilichapishwa mwezi wa Juni mwaka huo huo.

Mara nyingi majina mawili tu ndiyo yanayotajwa. Lakini kioo chenye mirija na mapindo mengi namna ile hakikujiumba chenyewe. Kilipulizwa kwa moto na fundi wa vioo wa taasisi ile, Otto Hopf. Kadhalika ni haki kusema kwamba ustadi wa Carrel haukumpa hekima katika kila jambo. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1935 alitetea maoni ya kuwapanga wanadamu kwa ubora wa kuzaliwa, maoni ambayo katika miaka iliyofuata yalileta msiba mkubwa Ulaya. Mkono unaojua kuzuia vijidudu waweza kuongozwa na moyo usiojua kuzuia dharau.

Chombo cha Lindbergh kilikuwa kigumu kutengeneza, nacho hakikuenea. Mjini Baltimore, George Gey alitumia njia rahisi zaidi: aliweka mirija ya kioo iliyozibwa katika pipa lililozunguka polepole, ili seli zioshwe na chakula, kisha zipate hewa, kisha zioshwe tena. Mwaka wa 1951 zililetwa kwake seli za saratani zilizochukuliwa kwa mgonjwa mmoja, Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi na mama wa watoto watano. Hakuombwa ruhusa. Alikufa tarehe 4 Oktoba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 31. Seli zake, ziitwazo HeLa, hazikufa. Zilikuwa seli za kwanza za mwanadamu kujigawa bila kikomo katika chupa. Kati ya mwaka wa 1953 na 1955 wataalamu weusi wa chuo cha Tuskegee walizilea kwa wingi, zikatumika katika kupima chanjo ya ugonjwa wa kupooza wa polio. Jamaa zake walikaa miaka zaidi ya 20 bila kuambiwa. Na mwaka wa 2023 walipatana na kampuni moja iliyokuwa ikiziuza.

Seli za HeLa zilifunza pia kwamba si bakteria peke yake anayepita mlangoni. Mwaka wa 1966 Stanley Gartler alitangaza kwamba aina 18 za seli, zilizodhaniwa kuwa za watu mbalimbali, zote zilikuwa na alama ya HeLa. Katika maabara fulani, tone moja au mrija uliotumiwa mara mbili ulihamisha seli kutoka chupa hii hadi ile, nazo zikawashinda wenyeji. Watu walikuwa wameandika juu ya ini na utumbo, kumbe walikuwa wakitazama saratani ya mwanamke yule yule. Chupa ilionekana safi. Maji yalikuwa maangavu. Jibu lilikuwa la uongo. Bakteria akiingia, maji hupata ukungu, nawe hujua umeharibikiwa. Mgeni afananaye na mwenyeji hatoi dalili.

Habari hizi zinatugusa sisi wa Afrika Mashariki kwa njia ya malaria. Kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyeweza kukilea nje ya mwili, kwa muda usio na kikomo, kijidudu cha malaria kinachoua watu wengi zaidi. William Trager, aliyefanya kazi katika taasisi ile ile ya Rockefeller ambayo sasa ilikuwa chuo kikuu, alitumia chupa ndogo ambamo chembe nyekundu za damu zilitulia chini, na chakula kikapita juu yake polepole kama kijito. Mwaka wa 1976 yeye na James Jensen walitangaza kwamba wamefaulu, na ya kuwa njia nyepesi pia ingefaa: kuweka vyombo katika mtungi wa kioo pamoja na mshumaa unaowaka, kuufunga, na kuuacha mshumaa ule oksijeni mpaka uzimike wenyewe. Hewa inayobaki huwafaa vijidudu vya malaria. Tangu hapo maabara nyingi za nchi zenye malaria, Kenya ikiwemo, zimeweza kulea vijidudu hivyo na kupima nguvu ya dawa juu yake.

Sasa tuitazame chupa ya leo. Tangu miaka ya 1990, mafundi wamejifunza kuchora vijifereji ndani ya vibao vya mpira wa silikoni. Kibao huwa kidogo kama kioo cha darubini, na kijifereji huwa chembamba, mara nyingi hakifikii nusu ya milimita. Ndani yake seli hukaa kama ukoko kando ya mto, na maji ya chakula hupita bila kusimama, kama damu ipitavyo katika mshipa. Mwaka wa 2010 Dan Huh na Donald Ingber, pamoja na wenzao wa Boston, walionyesha kibao chenye seli za mapafu: upande mmoja hewa, upande wa pili maji, na kati yake utando uliovutwa na kuachiliwa mfano wa kupumua. Mwishoni mwa mwaka wa 2022 Marekani ilibadili sheria yake, hata haikuwa lazima tena kila dawa mpya ipimwe kwanza katika wanyama. Majaribio kwa vibao kama hivi yalitajwa miongoni mwa njia nyingine zinazokubaliwa.

Kibao ni kidogo, na mlo wake ni mdogo ajabu. Chukua mfano wa mkondo wa mikrolita moja kwa dakika. Mikrolita ni sehemu moja katika 1,000 za mililita. Siku moja ina dakika 1,440. Basi kwa siku nzima kibao hutumia mililita 1.44 tu. Kijiko cha chai, chenye mililita 5, chatosha siku tatu na zaidi. Udogo huu una hatari zake. Kiputo kimoja cha hewa, ambacho katika chupa kubwa kisingeonekana kuwa kitu, huweza kuziba kijifereji chote au kuzikwangua seli zikang'oka. Tena jaribio huendelea kwa wiki nyingi, na chupa ya akiba ya chakula lazima ibadilishwe mara kadhaa. Kila ibadilishwapo, mlango hufunguliwa.

Kwa hiyo chupa hii ndogo imekusanya mafunzo yote tuliyoyataja. Kifuniko chake kina matundu mawili. Mwenye duka anajua sababu: kopo la mafuta likitobolewa tundu moja, mafuta hutoka kwa kusitasita kisha hukwama, likitobolewa la pili, hewa huingia na mafuta hutiririka. Tundu la kwanza la kifuniko limepitishwa mrija unaofika chini, ambao huchukua chakula. La pili ni la hewa, nalo limezibwa kwa chujio lenye vitundu vya mikroni 0.2, yaani sehemu mbili katika 10,000 za milimita, ambavyo bakteria wa kawaida hawezi kupita. Hilo ni pindo la Pasteur na pamba ya Lindbergh katika umbo jipya. Hewa ikisukumwa kupitia chujio hilo, maji hupanda mrija na kwenda kwenye kibao bila pampu kuyagusa. Walakini chujio si ukuta kamili: virusi na bakteria wengine wadogo mno huweza kupita.

Kiungo nacho kina historia yake. Mwishoni mwa karne ya 19, karakana ya Luer mjini Paris ilitengeneza bomba la sindano la kioo ambalo ncha yake hupungua unene kidogo kidogo, sehemu 6 katika kila 100 za urefu. Ncha hiyo ikisukumwa ndani ya tundu la umbo lilo hilo hukaza bila gundi wala uzi. Mwaka wa 1925 ilibuniwa nchini Marekani namna ya kuifunga kwa kuizungusha, isichomoke. Kipimo hicho kimeenea duniani, hata chupa ya kiwanda kimoja huungana na kibao cha kiwanda kingine. Urahisi huo una faida kubwa, kwa maana kiungo kinachoshika upesi hukaa wazi kwa muda mfupi. Lakini urahisi una ubaya wake pia. Katika hospitali za nchi mbalimbali iliwahi kutokea mrija wa chakula ukaunganishwa kwenye mshipa wa damu, kwa kuwa vyote vilikuwa na kiungo cha namna moja. Ndiyo sababu kanuni za kimataifa za miaka ya karibuni zimetenga viungo vya kazi mbalimbali, ili visiingiane.

Fundi mwangalifu hufanya mambo matatu. Kwanza, huunga chupa, mrija na kibao pamoja kabla ya kuvitakasa, ili viungo vichache tu vifunguliwe baadaye. Pili, anapounga huacha tone la maji likichomoza katika kila ncha, matone yakutane kabla ya viungo kukutana. Hivyo kiputo hakipati nafasi. Tatu, huweka chupa moja ya chakula bila seli, ndani ya joto lile lile. Ikiwa chupa hiyo itapata ukungu, ajua kosa liko katika chakula au kiungo, wala si katika seli.

Mwanafunzi anayesoma habari hizi aweza kudhani kwamba kazi kubwa ni ya wale wanaopewa tuzo. Sikatai kwamba walifanya makubwa. Ila tazama ni wapi hukumu ilipotolewa kila mara. Ringer aliokolewa kwa kuuliza maji yametoka wapi. Moyo wa Carrel ulisifiwa miaka 34 kwa sababu swali kama hilo halikuulizwa juu ya maji ya vifaranga. Maabara kadhaa zilipoteza miaka ya kazi kwa mrija uliotumiwa mara mbili. Dawa itakayopimwa kesho katika kibao itaaminiwa au haitaaminiwa kwa kadiri ya uaminifu wa mtu aliyeunga chupa, ambaye jina lake huenda lisiandikwe popote.

Basi ukiingia katika maabara ya shule yako, na mwalimu akakuambia ufunike chupa mara moja na usiweke kizibo mezani kwa upande wake wa ndani, usidhani anakusumbua kwa mambo madogo. Kizibo kinachoshikwa vidoleni kimelala kati ya jibu la kweli na jibu la uongo. Na mama aliyewakataza watoto kufunuafunua chungu cha maziwa usiku alikuwa akiilinda sheria ile ile.